Misimu sita nikiwa beki Melbourne, na yale niliyoyanyamazia

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, alinisimamisha kwenye maegesho ya kanisa letu hapa Werribee, magharibi mwa Melbourne. Mwanawe ana miaka 15, ameshampita baba yake kwa urefu, na barua ilikuwa imekuja nyumbani ikimwalika kwenye akademia ya klabu moja ya AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia. "Wanasema atakuwa beki," aliniambia. "Wewe mwanangu umeicheza hiyo futi yao. Niambie kweli, ni kazi ya kumlisha mtu?"

Nilimjibu kwa dakika mbili, huku binti yangu akinivuta suruali. Nikasema inategemea, nikasema ajitahidi, nikasema Mungu atasaidia. Njiani kurudi nyumbani nikaona aibu. Mama yule aliniuliza jambo zito, nami nikampa maneno ya kumwondolea tu njiani. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia, na ni ya kila mzazi na kila kijana mwenye barua kama ile mezani.

Kwanza, mimi sikucheza AFL hata mechi moja. Nilicheza VFL, ligi iliyo chini yake, misimu sita, mechi 56, zote nikiwa beki. VFL unafanya mazoezi kama mtu wa kulipwa, unapimwa kama mtu wa kulipwa, na Jumamosi unaweza kujikuta unamkaba mchezaji wa AFL aliyeshushwa ili arudishe kiwango chake. Lakini Jumatatu saa kumi alfajiri nilikuwa ghalani Truganina nikipakia makatoni kama watu wengine wote.

Nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, mwaka 1997, baada ya wazazi wangu kuvuka Ziwa Tanganyika wakitokea Fizi. Jina letu la kuhamia Australia lilitoka mwaka 2010. Tulifika Melbourne mwezi wa Julai, katikati ya baridi, mimi nikiwa na miaka 13 na Kiingereza cha salamu tu. Pale shuleni kila mtoto alikuwa na mpira wenye umbo la yai. Ukidunda unakwenda kulia, mara ya pili unakwenda kushoto, na hakuna anayejua sababu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: uwanja nao una umbo la yai, na urefu wake huweza kufika mita 185. Kila timu huwa na watu 18 uwanjani. Hakuna kipa, hakuna kuotea. Mpira unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila upande una nguzo nne. Mpira uliopigwa kwa mguu ukapita kati ya zile mbili za katikati ni goli, pointi sita. Ukipita pembeni, au ukiguswa na beki kabla ya kupita, ni pointi moja. Na mchezaji akiudaka hewani mpira uliopigwa mita 15 au zaidi, hiyo ni maki: anasimama na kupiga kwa utulivu wake bila mtu kumsumbua. Ukiielewa maki umeielewa kazi ya beki. Unamzuia mtu asidake. Ukishindwa kudaka mwenyewe, unaupangua mpira kwa ngumi.

Kupangua nilikuwa nimekujua tangu Nyarugusu. Huko tulicheza mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba za magunia ya mgao, na mimi kwa urefu wangu niliwekwa golini. Mwalimu wa michezo alipoona ninavyoruka akaniambia nikae nyuma, kila mpira utakaokuja niupige ngumi. Nikafanya hivyo kwa miaka mitatu, nikasifiwa kwa miaka mitatu, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokua bila mimi kuliona.

Beki wa siku hizi ndiye anayeanzisha mashambulizi. Akinasa mpira wa adui, timu nzima inamtazama yeye apige pasi ya mita 40 katikati ya wapinzani wanaomjia mbio. Nilipokwenda kwenye majaribio ya vijana chini ya miaka 18, niliruka kuliko wote, nikapangua kuliko wote, na jina langu halikuwemo kwenye orodha. Sababu waliyoniandikia ilikuwa mguu: sijui kupiga. Mpira huu haupigwi ukiwa chini. Unauachia kutoka mkononi, na ukiupotosha kidogo pale unapouachia, hata mguu wa dhahabu hautausaidia. Nilijifunza hilo nikiwa na miaka 17, wakati wenzangu walilijua wakiwa na sita. Kijana wako akisifiwa kwa urefu na kasi, mshukuru anayemsifu, kisha mpeleke uwanjani apige mipira mia kila siku, hamsini kwa mguu wa kulia na hamsini kwa wa kushoto. Urefu humfikisha kwenye majaribio. Baada ya hapo watu wote ni warefu.

Nikajiunga na klabu ya mtaa, kisha mwaka 2017, nikiwa na miaka 20, klabu moja ya VFL ikanisajili. Na hapa nataka nikae kidogo, maana jambo lililokaribia kunifukuza halikuwa mguu wala mwili. Lilikuwa sauti.

Mechi yangu ya tatu, robo ya mwisho kati ya nne, tunaongoza kwa pointi nne. Kando yangu alikuwa beki mwenzangu, mtu wa miaka 31, mwenye mke na watoto, aliyecheza mechi zaidi ya mia. Nikamwona mshambuliaji akijiiba nyuma ya mgongo wake. Nilimwona vizuri kabisa, kwa sekunde tatu nzima. Sikusema kitu. Mpira ukapigwa, mshambuliaji akadaka peke yake, goli, tukafungwa kwa pointi mbili. Baada ya mechi mzee yule hakunifokea. Alikaa karibu yangu, viatu vya njumu bado miguuni, akauliza kwa upole: "Ulimwona?" Nikasema ndiyo. "Kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa na jibu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ningelisema hivi: wewe ni mkubwa wangu. Kwetu mtu wa miaka 20 hamnyooshei kidole mtu wa miaka 31 mbele za watu akimpigia kelele arudi nyuma. Mkubwa unamsubiri, na ukiwa na la kusema unalisema pembeni, kwa adabu. Nilikuwa nimelelewa vizuri, na malezi yale mazuri ndiyo yaliyotufungisha. Kulikuwa na sababu ya pili pia, ambayo nilimficha hata yeye: niliona haya na lafudhi yangu. Niliogopa nikipaza sauti nikakosea neno, watu 3,000 watasikia.

Kocha wa mabeki alituonyesha picha ya mechi ile siku ya Jumanne. Kisha akafanya jambo ambalo bado namshukuru. Alisimamisha video kila mahali nilipomwona mtu na kunyamaza. Zilikuwa mara 19. Nyuma, alisema, mtu wa mwisho ndiye anayeuona uwanja wote. Walioko mbele wamempa mgongo, kwa hiyo ni vipofu, na macho yao ni wewe. Akaniandikia maneno kumi na mawili tu, mafupi, ya neno moja moja: la kumwambia mwenzako ana muda, la kumwambia mtu yuko mgongoni kwake, la kusukuma mstari mzima upande, la kuurudisha. Nikawa nayapigia kelele ndani ya gari langu, madirisha yamefungwa, kila asubuhi kuelekea ghalani. Mdogo wangu alikaa sebuleni akinionyesha picha kwenye simu nami nitaje neno kabla hajahesabu mbili. Ilichukua msimu mzima. Kufikia 2018 nilicheza mechi 17, na nilipangwa mara nyingi kwa sababu ya sauti kuliko kwa sababu ya kuruka.

Mwaka huo mama yangu alikuja uwanjani kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alikaa na kitenge mabegani, mikono kifuani. Nilidhani atazungumzia migongano, au jinsi nilivyovuja damu mdomoni. Njiani kurudi akaniuliza jambo moja tu: "Unawafokea nani vile, baba? Wale si wana wazazi wao?" Nikamweleza kwamba kufoka kule ndiko kuwalinda wenzangu. Alinyamaza mpaka tulipopita Laverton, kisha akasema, "Basi nyumbani usiilete." Sikuileta.

Ufundi wenyewe nitaupitia haraka, maana makocha watakufundisha. Mtazame mshambuliaji kiunoni, si usoni, kwa kuwa kiuno hakidanganyi. Mguse kwa mwili kabla mpira haujafika, maana mpira ukishakaribia, kumsukuma ni faulo. Ukiwa mbele yake daka. Ukiwa nyuma yake pangua, na usiuguse mkono wake, kwani refa anautazama mkono huo kuliko mpira. Ukizidiwa, pointi moja ni bei nafuu kuliko sita, lakini tangu 2009 kuuvusha mpira mstari wa goli lako kwa makusudi bila kubanwa ni kosa, na adhabu yake humpa mpinzani mkwaju karibu na goli. Na AFL walipoleta mwaka 2019 sheria ya kugawa watu sita nyuma, sita kati, sita mbele kila mchezo unapoanzia katikati, ile tabia ya kumficha mtu wa ziada nyuma ikafa. Tangu hapo beki anaweza kuachwa peke yake na mtu mmoja katika eneo kubwa, na uzembe wote unaonekana na kila mtu.

Sasa pesa, kwa sababu mama yule aliniuliza pesa.

Mkataba wangu wa kwanza ulilipa dola 300 kwa mechi niliyocheza. Usipocheza, hakuna. Maandalizi ya msimu, kuanzia Novemba hadi Machi, jioni tatu kwa wiki katika joto la kiangazi, hayakulipwa. Nikiumia, kwa mujibu wa mkataba ule, malipo yanakoma. Niliusaini bila kuusoma kurasa za mwisho, kwa sababu mtu aliyenikabidhi kalamu alikuwa amesimama na sikutaka kumchelewesha. Tafadhali, mcheleweshe. Ubebe nyumbani, ukae nao usiku mmoja, umwonyeshe mtu anayejua. Hakuna klabu ya maana itakayokuacha kwa sababu umeomba siku mbili.

Kosa lililofuata lilinigharimu zaidi. Zile dola nilizichukulia kama pesa ya mfukoni, nikazitumia zote, sikuzitaja kwenye hesabu zangu za kodi. Baada ya misimu mitatu ikaja barua. Kodi na adhabu, jumla dola 4,100. Nililipa kwa vipande kwa mwaka na nusu. Pesa ya mchezo ni mapato. Kila ukilipwa weka theluthi kando katika akaunti usiyoigusa, na mwaka wako wa kwanza mtafute mhasibu hata kama ni dola 150.

Halafu kuna nyumbani. Nilipiga picha moja na jezi, nikaiweka Facebook. Ndani ya wiki moja nilipokea simu kutoka Nyarugusu, kutoka Fizi, kutoka Bukavu, kutoka kwa binamu aliyeko Nairobi ambaye sikuwa nimewahi kumsikia. Wote walikuwa wameona uwanja, kamera, mashabiki, wakafanya hesabu za wachezaji wa Ulaya. Mama mdogo aliomba ada za watoto wanne. Sikumwambia kwamba kwa wiki nalipwa pungufu ya anavyofikiri nalipwa kwa saa. Nilituma. Nikakopa nikatuma. Kuna mwezi nilituma dola 900 na kula wali mtupu kwa siku tisa, huku klabu ikinidai niongeze kilo nne za mwili. Siwalaumu ndugu zangu hata kidogo, kwa kuwa wao walihesabu kile nilichowaonyesha. Nilipokuja kuwaeleza ukweli, mwaka 2021, mama mdogo alilia kwenye simu, na alilia kwa kunihurumia mimi. Miaka minne nilimnyima nafasi ya kunihurumia.

Mwishoni mwa 2018 klabu moja ya mashambani, mwendo wa saa mbili kutoka jijini, iliniita nikacheze kwao kwa zaidi ya mara mbili ya malipo yangu. Huku ni jambo la kawaida, ligi ya chini kulipa kuliko ya juu, kwa sababu VFL inakuuzia tumaini la AFL. Nikakataa. Mpaka leo sijui kama nilikosea. Nilikuwa na miaka 21 na nilikuwa nimemwona Aliir Aliir.

Aliir ni mtu wa Sudan Kusini aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Klabu ya Sydney walimchukua kwenye drafti ya 2013, yaani siku klabu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, akacheza mechi yake ya kwanza 2016, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akachaguliwa kwenye kikosi bora cha Australia yote. Beki. Mtoto wa kambi, kama mimi, akidaka mipira juu ya vichwa vya watu mbele ya maelfu. Sisi Wakongo tulikuwa pia na Héritier Lumumba wa Collingwood, beki aliyetwaa ubingwa wa 2010, mzaliwa wa Brazil mwenye asili ya Kongo upande wa baba. Yule jina lake tu lilitosha kutufanya tukae mbele ya televisheni. Niliwatazama hao nikahesabu kwamba njia ipo. Ipo kweli. Lakini orodha zote za AFL, klabu 18, zina wanaume takriban 800 nchi nzima, na wengi wao huchukuliwa wakiwa na miaka 18. Kijana apewe hesabu hiyo mapema, aijue kama anavyojua urefu wake. Haitamzuia kukimbia. Itamfanya asiache chuo, kama mimi nilivyoacha kozi ya ufundi umeme nikiwa nimebakiza mwaka mmoja.

Lumumba alinifundisha jambo jingine, ingawa nilichelewa kulielewa. Alisema hadharani kuhusu ubaguzi aliokutana nao, kwa miaka mingi, akiwa karibu peke yake, mpaka mwaka 2021 ripoti huru ikathibitisha kwamba tatizo lilikuwepo ndani ya klabu yake ya zamani. Mimi mwaka 2017 shabiki mmoja kwenye uzio aliniita jina la mnyama, nikainamisha kichwa. Msimu uliofuata, uwanja mwingine, mtu mwingine, nilimwambia nahodha papo hapo. Nahodha akamwita refa, mtu yule akatolewa nje, na Jumatatu nikaandika maelezo. AFL ina kanuni za jambo hili tangu 1995, na ligi za chini nazo zina utaratibu wake. Lakini hakuna anayeuanzisha kwa niaba yako kama hujafungua mdomo.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mwaka 2019 AFL walirudisha drafti ya katikati ya msimu, inayofanyika mwisho wa Mei. Ghafla watu kama mimi, wakubwa kidogo, wenye misimu miwili mgongoni, tukawa tunatazamwa. Mapema mwezi huo kocha alinidokeza kwamba skauti wa klabu moja atakuja kunitazama Jumamosi ijayo. Siku hiyo hiyo aliyonidokeza, nayo ilikuwa Jumamosi ya mechi, robo ya tatu, nilirudi kinyumenyume kuufuata mpira uliokuwa ukishuka. Hiyo ndiyo kazi yenye heshima kubwa kuliko zote kwa beki: unakimbia nyuma, macho juu, bila kujua nani anakuja mbele yako. Goti la mtu likanipiga kwenye panja.

Sikupoteza fahamu. Nilisimama. Daktari alikuja akaniuliza tuko uwanja gani, robo ya ngapi, nani kafunga mwisho. Mabeki tunayajua maswali hayo, tunayasikia kila mwezi yakiulizwa wenzetu. Ubao wa matokeo ulikuwa mbele yangu, nikausoma, nikajibu. Usiku ule taa ya jikoni ilinichoma macho. Nilitapika mara mbili. Jumanne mazoezini nilisema nimelala vibaya. Mke wangu, wakati huo tukiwa wachumba, aliniomba niseme. Nilimwambia nikisema, skauti atamtazama mtu mwingine.

Skauti alikuja. Nilimwona mshambuliaji wangu akiwa wawili. Yale maneno kumi na mawili niliyoyafanyia kazi msimu mzima hayakutoka. Nilikuwa nikiona hatari, nikitafuta neno, na neno limeondoka. Magoli mawili yalipita upande wangu kabla ya nusu. Baada ya mechi nilijifungia chooni nikilia kwa maumivu ya kichwa. Drafti ikapita bila simu kuita, na maumivu yale yalikaa nami mpaka Agosti. Nilimwambia daktari wa klabu mwezi wa Juni. Hakunigombeza. Alikaa kimya, akaandika kwa muda mrefu, na kila alichoandika niliona ni wiki ambazo ningekuwa nimeshapona.

Septemba mwaka huo huo alifariki Danny Frawley, beki wa nyuma kabisa na nahodha wa zamani wa St Kilda, mechi 240. Mwaka 2020 uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha alikuwa na CTE, ugonjwa unaohusishwa na vichwa kugongwa mara kwa mara. Nilisoma habari hizo mwaka ule wa kufungiwa ndani, nimekaa kitandani, na nikayakumbuka majibu yangu ya ubao wa matokeo. Siku hizi AFL haimruhusu mwenye mtikisiko wa ubongo kurudi uwanjani kabla ya siku 12, na kwenye ligi za mitaa mwongozo wa 2024 ni angalau siku 21. Mzazi, zikariri namba hizo. Kijana wako akigongwa kichwa, yeye mwenyewe ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa kama yuko sawa. Waulize wanaoishi naye: anachagua giza? Anauliza jambo moja mara mbili? Amekasirika bila sababu? Na nenda mwenyewe ukamwambie daktari, hata akikasirika. Mke wangu anasema jambo moja analojutia katika ndoa yetu ni kwamba wiki ile alinitii.

Msimu wa VFL wa 2020 ulifutwa wote kwa sababu ya korona, na wa 2021 ukakatwa kabla ya fainali. Hakuna mechi, hakuna malipo. Ghala liliniokoa.

Kisha goti. Juni 2022, mvua, nikageuka kumfuata mtu, mguu ukabaki kwenye matope na mwili ukaenda. Ukano wa mbele wa goti. Sikuwa na bima binafsi ya afya. Niliiona ghali nikiwa mzima. Bima ya klabu ililipa sehemu ya fiziotherapia tu. Nilisubiri upasuaji wa hospitali ya umma miezi saba, na miezi saba hiyo sikuweza kuinua katoni, kwa hiyo kazi ya ghala nayo ikaondoka. Kati ya picha za goti, vifaa vya kulifungia, mazoezi ya kurudisha nguvu na nauli, nilitoa mfukoni karibu dola 6,000. Kodi ya nyumba alilipa mke wangu kwa zamu za usiku. Ukisaini mkataba leo, kata bima wiki hii hii ukiwa mzima, kwa kuwa ukishaumia ndipo ukakata, unaweza kuambiwa usubiri mwaka mzima.

Kuhusu giza la miezi ile nitasema kidogo. Nilikuwa siamki. Mama alikuja na sombe na ugali kila Alhamisi, siku ya mazoezi, saa ile ile ambayo ningekuwa uwanjani, akakaa na mimi mpaka saa hiyo ipite. Hakuniuliza kitu. Mwezi wa nne wa kusubiri nikamwambia mwenyewe, yote, kichwa, madeni, kozi niliyoiacha. Alisema kwamba mama anajua mtoto anapobeba kitu, ila hawezi kumnyang'anya.

Baadaye nilirudi, nikacheza mechi nne nikiwa nasikia goti kila nikitua, nikavua jezi. Nikarudi darasani kumaliza ufundi umeme. Sasa nina leseni.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani kwa yule mama wa Uvira. Nilibeba mkataba wangu wa zamani, barua ya kodi, risiti za goti, nikavitandaza mezani karibu na barua ya akademia. Tulivisoma kimoja kimoja. Mama aliuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuuliza mimi. Nilimwambia kazi hii inalisha wachache, na wengine inawapa marafiki, nidhamu na nauli ya kuishi. Kijana aende, shule isisimame, na kila karatasi ipite mezani pale kwanza. Kijana mwenyewe alikaa kimya muda wote, macho kwenye kitambaa cha meza, akiitika "ndiyo kaka" kwa sauti ya chini kabisa.

Nikamtoa nje, nyuma ya nyumba. Nikampa mpira, nikasimama hatua thelathini nikiwa nimempa mgongo, nikamwambia kuna mtu anakuja nyuma yangu, aniambie. Akasema kitu. Sikukisikia. Nikamwambia arudie. Akarudia, kidogo zaidi, akimtazama jirani juu ya ua.

Dirisha la jikoni likafunguka. "Mwambie kaka yako kuna mtu nyuma yake!" mama yake alipaza sauti. "Mimi huku sijakusikia!"